Risasi Katika Uwanja wa Shule

Sehemu ya Saba

Tuwainue kwanza watu waliomo chini ya meza. Tangu wiki iliyopita tumeiacha kamati nzima ya ujenzi wa shule mpya imelala kifudifudi kwenye sakafu ya saruji, na wasomaji wawili wameniandikia kwamba huo si uungwana kwa watu wenye umri ule. Nakubali. Lakini aliyewalaza si mimi.

Aliyewalaza ni Mama Vichupa. Anapima udongo maabara, ana vichupa mia tatu vilivyopangwa kwa namba, na maishani mwake hajawahi kumtisha hata paka. Alisimama mbele ya kamati akasoma barua yake: "Kwenye udongo wa uwanja wa shule mpya imekutwa risasi." Sentensi ya pili hakuifikia. Katibu alipiga ukelele, viti vikaanguka, na watu wazima saba wakapigana vikumbo kuwania meza moja.

"Nani amefyatua?" Sauti ya mwenyekiti ilitoka chini ya meza.

"Hakuna aliyefyatua, shemeji. Nimesoma barua tu."

Mwenyekiti huyu ndiye Bwana Utepe, mume wa dada mkubwa wa Mama Vichupa. Amezindua vyoo viwili, kisima kimoja na kituo cha basi ambacho basi halijawahi kusimama. Hutembea na mkasi wake mfukoni, kwa kuwa haamini mikasi ya watu. Jumamosi ya wiki ile ile alikuwa aweke jiwe la msingi.

"Ziko ngapi?" aliuliza.

"Si ziko, shemeji. Ipo."

Kichwa cha Bwana Utepe kilichomoza ukingoni mwa meza.

"Ipo?"

"Ipo."

"Yaani umeandika imekutwa. Hukuandika zimekutwa."

"Imekutwa. Ndivyo nilivyoandika."

"Jamani, inukeni!" Bwana Utepe alisimama akajipangusa magoti. "Ni moja tu!"

Kamati ikainuka kwa furaha. Mjumbe mmoja alicheka mpaka akatoa machozi. Risasi moja, uwanja mzima! Nyumbani kwake tu kulikuwa na nge wawili na hakuna aliyehama.

"Hamjanielewa," alisema Mama Vichupa. "Si risasi ya bunduki. Ni risasi ya kwenye betri. Uwanja ule ulikuwa kiwanda cha betri za magari. Walikuwa wanapasua betri chakavu na kumwaga uchafu pale pale, miaka kumi na mitano. Risasi imeingia kwenye udongo. Nimepima mara tatu. Ni mara kumi na mbili ya kiwango kinachoruhusiwa."

Katibu alikuwa anaandika haraka. Akasimamisha kalamu.

"Mara kumi na mbili ya moja ni kumi na mbili," alisema. "Sasa niandike kumi na mbili au niandike moja?"

"Andika moja," alisema Bwana Utepe. "Na uwaite polisi waje waiokote."

Asiyetaka kusikia hana haja ya pamba masikioni.

*

Afande alifika saa nane mchana na askari wawili na ile fimbo ya kutafutia chuma ardhini, yenye sahani chini na spika za kuvaa masikioni.

"Natafuta ngapi?" aliuliza.

"Moja," alisema Bwana Utepe.

"Ya bunduki gani?"

"Muulize huyu wa maabara."

"Ni ya betri, afande," alisema Mama Vichupa, na roho ikamtulia kidogo, maana aliona hapa yupo mtu wa serikali anayeuliza maswali.

Afande aliandika kwenye daftari lake: bunduki aina ya Betri.

Tuutazame uwanja wenyewe, maana wiki zilizopita niliuruka. Ni mpana, ni sawa kama meza, na hauna jani. Nyasi za majirani zinafika ukingoni zinageuka njano na kurudi zilikotoka. Bwana Utepe aliupenda siku ya kwanza alipouona. "Uwanja umejifyeka wenyewe!" alisema. Mtu mwingine angejiuliza kwa nini.

Afande akawasha fimbo. Hatua ya kwanza ikalia. Akachimba akatoa msumari. Hatua ya pili ikalia, akatoa kifuniko cha soda. Ya tatu ikalia, akakuta kipande cheusi kizito kama jiwe, akakitupa pembeni. Ya nne, ya tano, ya sita. Fimbo ililia kama mtoto aliyenyimwa, haikunyamaza hata mahali pa kuweka unyayo.

Afande alivua spika. Akaipiga fimbo kofi.

"Imeharibika hii," alisema.

"Haijaharibika!" Mama Vichupa alikuwa ameokota kile kipande cheusi kwa mkono wenye glavu. "Hii ndiyo! Hii ndiyo risasi yenyewe, afande! Iko kila mahali!"

Afande alikipokea, akakigeuza, akakirudisha.

"Mama, mimi risasi nazijua. Hiyo haiingii kwenye bunduki yoyote."

Akaizima fimbo. Kisha, kwa kuwa ni mtu anayemaliza kazi aliyotumwa, akauzunguka uwanja wote kona hadi kona akiwa na fimbo iliyozimwa. Haikulia hata mara moja.

Saa kumi jioni cheti kilikuwa mezani kwa kamati, na muhuri juu yake bado mbichi: "Uwanja wa shule mpya umekaguliwa. Hauna risasi."

Bwana Utepe alizilaza karatasi mbili bega kwa bega. Moja ilisema imekutwa, nyingine ilisema hauna, na zote zilizungumzia neno moja.

"Tumwamini nani, shemeji?" aliuliza kwa upole. "Mwenye vichupa, au mwenye bunduki?"

*

Hapa lazima niseme kinachomkosesha Mama Vichupa usingizi, maana si ubishi wa maneno.

Ana binti mmoja wa miaka sita. Mtaa mzima unamwita Kasuku, kwa kuwa chochote kinachoingia sikioni mwake hutokea mdomoni kabla ya jua kuzama. Kasuku ndiye namba moja kwenye daftari la darasa la kwanza la shule ile. Darasa limeshaanza, watoto arobaini, chini ya hema nyuma ya ofisi ya mtaa, dakika kumi kwa miguu kutoka uwanjani. Wanangoja jengo.

Mama Vichupa anajua risasi inavyomfanya mtoto. Inaingia kwa vumbi, kwa vidole vilivyolambwa. Inakaa. Mtoto mchangamfu anaanza kusahau herufi alizozijua jana, na hakuna wa kumrudishia. Alijipa moyo kwa jambo moja tu: watoto walikuwa bado hawajaukanyaga ule uwanja. Jiwe la msingi lisipowekwa Jumamosi, hawataukanyaga kamwe.

Basi jioni ile ile akaenda kwa dada yake.

Dada ndiye mwalimu mkuu mpya. Alikuwa jikoni, amevaa miwani, anapiga mistari ya ratiba ya masomo juu ya meza ya kukatia mboga.

"Dada, naomba unisikilize."

"Nimeshasikia. Mume wangu alirudi na goti limechubuka."

"Ule udongo ni mbaya."

"Umeandika ni mbaya?"

Dada akavua miwani.

"Nimeisoma barua yako. Hakuna neno mbaya. Hakuna neno hatari. Kama ni sumu, mbona hukuandika sumu?"

"Maabara hatuandiki sumu, dada. Tunaandika kilichomo na kiasi chake. Sumu ni neno la daktari. Mkuu wangu ananiambia hivyo kila mwaka: sisi tunapima, hatuhukumu."

"Basi msituhukumu, mtuache tujenge."

"Dada!"

"Usiniite dada kwa sauti hiyo!" Kalamu ilianguka. "Miaka kumi na minane nimekuwa naibu. Nimetumikia walimu wakuu sita, na mmoja wao nilimfundisha mimi kusoma. Leo nimepata shule yangu, haina hata tofali, na mdogo wangu niliyembeba mgongoni ndiye anayenitolea risasi."

Walitazamana. Mama Vichupa alitamani kumkumbatia na alitamani kumtikisa, na hakufanya lolote. Akamchukua Kasuku, aliyekuwa sebuleni akiwafundisha mito ya kochi kuhesabu, wakaenda zao.

"Mama, risasi ni nini?" Kasuku aliuliza njiani.

"Ni aina ya chuma kizito, mwanangu."

"Baba Mkubwa anasema iko moja tu."

*

Kesho yake asubuhi Katibu alimfuata kwenye ngazi za ofisi. Ni mtu mwema, Katibu. Kosa lake ni kwamba anaamini kila tatizo ni la uandishi.

"Mama, nimelala nalifikiria jambo lako," alisema. "Shida ni neno. Risasi, risasi. Linachanganya watu. Hamna neno jingine kitaalamu?"

Mama Vichupa alimtazama kama aliyetupiwa kamba kisimani. Alikaa pale pale kwenye ngazi, akaweka karatasi juu ya paja, akaandika upya kwa mkono wake mzuri: "Udongo wa uwanja wa shule una madini ya risasi kwa wingi."

Katibu akaipokea. Akasoma. Midomo yake ikasimama katikati ya mstari.

"Madini?"

"Madini ya risasi."

"Nimekusikia. Madini." Alitazama kulia, akatazama kushoto. "Kwa wingi?"

"Kwa wingi mno. Ndiyo maana nasema..."

"Umeshamwonyesha mtu mwingine karatasi hii?"

"Wewe ndiye wa kwanza."

"Mungu akubariki, mama. Nisubiri, naenda chooni."

Hakuenda chooni. Alikwenda nyumbani kuchukua jembe.

Siri ya Katibu ilidumu muda wa mtu kutoka ofisini hadi nyumbani, maana mke wake alimuuliza jembe la nini, naye hajawahi kumdanganya mke wake. Mke akamwambia jirani. Jirani alikuwa na simu.

Kufika adhuhuri uwanja haukuonekana kwa watu. Walikuja na majembe, mabeleshi, masufuria, mabeseni ya kuogea watoto. Kinyozi alifunga duka akiwa na mteja ndani, kichwa upande mmoja kimenyolewa na upande mwingine bado, na mteja naye akaja hivyo hivyo kuchimba. Fundi cherehani alipima kiwanja chake kwa tepu ya kupimia viuno. Mapadri na mashehe mtanisamehe, lakini hata kwenye ibada sijaona mtaa ule umekusanyika kwa umoja namna ile.

Vumbi lilipanda juu. Lilikuwa la kijivu.

Mama Vichupa alifika mbio, kiatu kimoja mkononi.

"Wekeni chini! Msichimbe! Msipeleke nyumbani!"

Hakuna aliyegeuka. Hapo akavunja mwiko wa miaka kumi na tisa kazini. Alivuta pumzi akapaza sauti neno la daktari.

"Ni sumu!"

Majembe yakasimama. Kinyozi akajipangusa uso.

"Dada yangu," alisema, "jana ulisema risasi. Asubuhi umesema madini. Sasa hivi unasema sumu. Kesho itakuwa nini, mamba?"

"Madini ya risasi ndiyo sumu! Ni kitu kimoja!"

"Anatufukuza achimbe peke yake!" mtu alipiga kelele kutoka shimoni.

"Mwoneni na glavu zake! Amekuja amejiandaa!"

Na yule mteja mwenye nusu ya nywele akaongeza, kwa uchungu kabisa: "Wenye elimu ndio walivyo."

Wakati huo Bwana Utepe alikuwa amefika. Mama Vichupa alimkimbilia.

"Shemeji, wewe ni mwenyekiti, wazuie! Wanayapeleka majumbani! Wanayaweka vyumbani wanamolala watoto!"

Bwana Utepe alikuwa anautazama umati kwa macho yaliyojaa machozi ya fahari. Mwanasiasa yeyote atakwambia umati hauji hivi hivi.

"Shemeji," alinong'ona, "unaona walivyoipenda shule yangu?"

*

Siku tatu Mama Vichupa alipita nyumba kwa nyumba. Hakusema tena maneno makubwa. Alisema: gunia likae nje. Usifagie kavu, lowesha kwanza. Nawa mikono kabla ya kula, na mtoto umnawishe. Wengine walimsikiliza. Wengine walimwachia mbwa. Mwanamke mmoja alimkaribisha ndani kwa heshima zote, akamwonyesha gunia lake limefunikwa kanga chini ya kitanda cha mtoto mchanga, pahali pa usalama kuliko pote. Mama Vichupa alilibeba gunia lile mwenyewe hadi nje huku akilia, na yule mwanamke akalia pia, kwa kudhani anaibiwa.

Ijumaa jioni uwanja ulikuwa umetobolewa kama chujio, na hakuna aliyepata kitu kinachong'aa hata kidogo. Watu walianza kununa. Wakanuna wakielekea Jumamosi.

Na Jumamosi ikafika.

Walifukia shimo moja ili pawepo mahali pa kuweka jiwe la msingi. Meza kuu ilikuwa na kitambaa cheupe, chupa za chai na sinia la vikombe. Afande alikaa mwisho wa meza na kofia kwenye paja. Katibu alikaa na daftari, mikono imejaa malengelenge. Dada alivaa gauni jipya, akasimama mbele ya watoto wa darasa la kwanza waliopangwa kwa mistari kuimba. Mama Vichupa alipowaona wanaukanyaga ule uwanja kwa mara ya kwanza, alipenya katikati ya viti vya watu.

Alikwenda moja kwa moja kumtoa Kasuku kwenye mstari. Dada akaingia katikati.

"Dakika ishirini tu," alisema bila kufungua meno. "Wataimba, wataondoka. Nipe dakika ishirini za maisha yangu."

Bwana Utepe alikuwa ameshasimama kuhutubia. Hakufika mbali.

"Mwenyekiti!" Kinyozi alisimama na gunia begani. "Kabla hujaendelea. Sisi tumechimba siku nne. Tuambie leo hii mbele ya watoto: hiki tulichobeba ni madini, au ni sumu?"

Umati ukanguruma. Magunia yalikuwepo kila upande.

Bwana Utepe alitabasamu. Angejibu chochote kingine, msomaji wangu, pengine leo nisingekuwa na hadithi. Lakini mtu akishika kipaza sauti, ulimi hutangulia.

"Ndugu zangu! Udongo huu umekaguliwa na polisi. Ni safi kuliko unga wa jikoni kwenu. Mimi mwenyewe ningeweza kuula!"

Watu wakapiga makofi. Makofi yalipokwisha, sauti moja ndogo ikasikika.

"Ule, shemeji," alisema Mama Vichupa.

Alikuwa amesimama mbele ya meza kuu. Akachukua kijiko kwenye sinia la chai, akainama, akachota udongo wa kijivu, akausawazisha juu kwa kidole chenye glavu kama anavyofanya maabara, akamnyooshea.

"Kijiko kimoja tu. Ukimaliza nitaichana barua yangu hapa hapa, na sitakuja tena."

Bwana Utepe alicheka. Alikuwa peke yake katika kicheko hicho. Akapokea kijiko. Akakiinua, akakishusha haraka, na udongo kidogo ukamwagikia kitambaa cheupe.

"Shemeji," alisema chini chini, kipaza sauti kikiwa bado kinasikia, "usinifanyie hivi mbele za watu."

Hapo Mama Vichupa akajua. Alikuwa ameelewa. Tangu siku ya kwanza, tangu ile "ipo" yake chini ya meza, Bwana Utepe alielewa vizuri ni risasi gani inayosemwa. Alichagua tu ile ndogo.

"Mimi nina vidonda vya tumbo," Bwana Utepe aliutangazia umati. "Afande, tafadhali. Wewe ndiye uliyekagua."

Afande alikitazama kijiko kilichokuwa mbele yake.

"Niko kazini," alisema. "Nikiwa kazini sili." Akakisogeza.

"Mimi ninaandika tu," alisema Katibu, akakisogeza kwa ncha ya kalamu.

Mjumbe wa kwanza akasema amefunga. Wa pili akasema yeye hapendi vitu vikavu. Wa tatu, mzee mnene ambaye kamati nzima haijawahi kumwona akikataa kitu kilicho kwenye kijiko, akasema ameshiba. Kijiko kikasafiri meza nzima kona hadi kona, kikaishia ukingoni bila mwenyewe.

Macho ya umati yalikuwa yamekifuata njia nzima.

"Kumbe," alisema Kinyozi.

Akatua gunia chini polepole. Yule wa nusu ya nywele akatua lake. Kisha wakatua wote, na watu wakaanza kujipangusa mikono kwenye nguo, kisha wakaziogopa nguo zenyewe. Mama mmoja alichomoka mbio kuelekea nyumbani akiita jina la mwanawe.

Bwana Utepe alitazama jiwe lake la msingi. Akakaa. Hakuna aliyemwambia kwamba shule haitajengwa pale, wala haikuhitajika kumwambia. Dada alisimama na gauni lake jipya, uso umemshuka, na Mama Vichupa akaona ameshinda, na ushindi haukuwa na ladha aliyoitazamia. Akamwendea dada yake kumshika mkono.

"Mama," alisema Kasuku kutoka mstari wa mbele. "Mbona wakubwa wote wanaogopa?"

"Kwa sababu udongo huu si wa kula, mwanangu."

"Lakini si mchungu."

Mama Vichupa aligeuka.

"Umesemaje?"

"Ni mtamu kidogo," alisema Kasuku, kwa sauti ya mtu anayesaidia. "Ule wa kufinyangia. Mama Mkubwa alituletea ndoo mbili kutoka hapa, wiki ile ya kwanza, ili tuizoee shule yetu. Mimi nilifinyanga kikombe. Nikakilamba tu. Kibogoyo alifinyanga ng'ombe, akamla wote na pembe zake."

Mkono wa dada ulikuwa bado ndani ya mkono wa Mama Vichupa. Ukawa wa baridi.

Mama Vichupa alipitisha macho kwenye mistari ya watoto, akimtafuta mtoto asiye na meno ya mbele. Akapitisha tena.

"Kibogoyo yuko wapi?"

"Haji siku hizi. Tumbo linamuuma."

"Tangu lini?" Mama Vichupa hakumuuliza mtoto. Alimuuliza dada yake. "Dada. Hajaja tangu lini?"

"Tangu wiki iliyopita." Dada aliitazama mistari ya watoto. "Na si yeye peke yake. Wako kumi na mmoja. Nilidhani ni minyoo."